Muhuri wa Pili

Soweto East, Kibera
Jumamosi, 1 Februari 2025

Mwalimu Kavoi,

Usishtuke kupata barua iliyofichwa kwenye gunia tupu la sukuma wiki. Ni mimi, Nelima, uliyemfundisha kushika spana akiwa na miaka ishirini na mbili, na ambaye tangu Jumatatu unampita kwenye lango la uwanja wa ndege kama hujawahi kumwona. Sella, jirani yangu hapa kwa maghorofa, huja soko la Kawangware Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kuchukua mboga. Nimemwambia amwachie mkeo Mama Ndululu barua pale anapouza ndengu, naye akuletee. Simu hatuwezi. Jana mwenyekiti wetu Wanzala aliamuru kila mtu afungue simu yake mbele ya wenzake, waone nani anaongea na watu wa chama chenu kipya cha wafanyakazi. Na nimesikia mkandarasi anawanyang'anya simu mkiingia.

Kampuni inataka kumpa huyo mkandarasi kazi yote ya kutengeneza ndege. Sisi tumegoma, nyinyi mmetia sahihi kumkubali. Na kichekesho ni kwamba wewe mwenye mvi ndiye uko Chama Chipukizi, mimi ndiye nimebaki na Wakongwe. Nikiwaza hayo nacheka, kisha nakasirika. Miaka kumi na moja tumefanya kazi wawili: mimi nafunga na kugonga muhuri wa kwanza, wewe unakagua na kugonga wa pili. Leo tunapitana bila salamu. Inaniuma, na sitajifanya haiumi.

Lakini sijaandika kukutukana. Ndani ya soksi ya mtoto iliyokuja na barua hii kuna muhuri wangu. Wanzala ametaka kila mgomaji atoe muhuri wake, uwekwe kwenye kopo moja la mafuta ya kupikia, ili asiwepo wa kurudi kazini kwa siri. Kopo linakaa chini ya kitanda chake. Mgomo uliopita mihuri miwili ilipotea humo humo, na wenyewe wakakaa miezi nje wakiandika ripoti. Kwa hivyo mimi nimetia koponi muhuri wangu wa zamani wa mwanafunzi, ambao haufai kitu. Waliandika jina langu, namba hawakuiangalia. Huu wa kweli sina mtu mwingine wa kumpa. Najua sheria inasema muhuri haukai kwa mtu mwingine, maana ni wewe uliyenifundisha. Uufiche tu mpaka haya yaishe.

Msalimie Mama Ndululu.

Nelima


Congo, Kawangware
Jumatano, 5 Februari 2025

Nelima,

Muhuri umefika. Uko ndani ya kiondo cha zamani cha mke wangu Syokau, nyuma ya mlango, chini ya vitambaa. Hapo hata mimi siruhusiwi kugusa.

Unanicheka kwa kuingia Chipukizi. Cheka, ni haki yako. Mimi nina miaka hamsini na nane. Chama chako nimekilipia ada tangu Wanzala akiwa anafagia sakafu ya hanga la ndege, na kila tulipogoma tulirudi vile vile tulivyotoka. Hawa vijana wa chama kipya walituambia kazi itachukuliwa tu, tupende tusipende, heri twende nayo. Sikuwapenda. Nilichoka.

Kule ndani kumebadilika. Ile bodi ya vifaa, ambapo kila spana ilikuwa na mchoro wake ukutani, wamepaka rangi juu wakaanza upya. Vijana wa mkandarasi si wabaya, ila wana haraka, na wengi bado wanajifunza. Zamu ya asubuhi mwenye leseni kamili ni mimi peke yangu. Msimamizi wao anasimama nyuma yangu na saa mkononi.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nikujibu. Wamebandika orodha mlangoni. Atakayekuwa amegonga muhuri kwenye kazi yoyote kabla ya mwisho wa mwezi huu, mkandarasi atamchukua. Wengine watabaki nje, wawe wa chama chochote. Jina lako halimo. Rudi, Nelima. Hata kwa siku moja tu. Mambo ya vyama tutayazungumza baadaye tukiwa ndani.

Syokau anakusalimu, anasema soksi ya mtoto ataifua airudishe.

Kavoi


Soweto East, Kibera
Jumatatu, 10 Februari 2025

Mwalimu,

Hapana. Wewe unanijua, nikisema hapana huwa nimemaliza.

Nikirudi leo, Aoko tunayegoma naye atanitazamaje? Amelea mtoto wangu wa pili mimi nikiwa zamu. Tuko watu themanini nje ya lango, tunapika uji kwa sufuria moja, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Huyo mkandarasi wako ataona atazitengeneza na nani ndege kumi na mbili, wewe na saa ya msimamizi? Atatuita tu.

Lakini nimefurahi kwa jambo moja. Mwandiko wako umenyooka. Kwenye hanga ulikuwa unaandika kama kuku aliyepita kwenye tope, mpaka nakusomea kadi zako mwenyewe. Nimeuliza Sella kama umepata miwani, akasema hajui, yeye huonana na Mama Ndululu tu. Kama umepata, Mungu ni mwema.

Utunze muhuri wangu. Usinibembeleze tena juu ya orodha, tutakosana bure.

Nelima


Soweto East, Kibera
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mwalimu,

Naandika kwa haraka, utanisamehe. Sella anasubiri mlangoni na gunia lake, hataki kuchelewa sokoni.

Jana kwenye mkutano Wanzala alisimama na karatasi, picha ya kadi ya kazi iliyopigwa kwa siri ndani ya hanga. Aliniita mbele ya watu wote, akaniwekea usoni. "Nelima, hii muhuri ni ya nani?" Nikaangalia. Namba 417, wino wa bluu, tarehe 18 Februari. Ilikuwa yangu. Nikasema haiwezekani, muhuri wangu uko koponi. Hapo ndipo nilipojimaliza. Alileta kopo, akamwaga mihuri yote juu ya meza, akatafuta wangu, akasoma namba polepole.

"Hii ni ya mwanafunzi," akasema. "Mwili ulikuwa hapa nje na sisi, muhuri ulikuwa huko ndani unafanya kazi. Ulimuuzia nani?"

Jibu lilikuwa wewe. Walinifukuza. Aoko alichukua kikombe changu cha uji akakimwaga chini.

Ningekuwa nakuandikia kwa sababu ya hayo peke yake, barua hii ingekuwa matusi matupu. Lakini wakinifukuza nilikuwa bado naisoma ile picha. Ndege namba tisa. Kazi ni kufunga fimbo ya kibawa cha mkia, kile kinachoinua na kushusha pua ya ndege. Nati moja, na pini moja inayopita katikati kuizuia isijifungue. Unajua kuliko mimi kwa nini pale panatakiwa macho ya watu wawili. Pini ikikosekana nati inajifungua angani, kidogo kidogo, na siku ikitoka rubani hana cha kushika. Muhuri wa kwanza ni wangu. Wa pili ni wako. Yaani hao watu wawili wote ni wewe.

Sasa naandika jambo nililoapa sitalitaja maishani. Huoni vizuri, Mwalimu. Nimejua kwa miaka miwili. Nilikuona ukihesabu hatua kutoka langoni. Nilikuona ukipapasa nati kabla ya kusema iko sawa. Kila kazi uliyonikagulia, nilikuwa nimeikagua mara mbili kabla ya kukuita, kisha nakuacha ugonge. Nilinyamaza kwa heshima, na kwa woga wa kukupoteza. Ule mwandiko ulionyooka ulinidanganya nikadhani umepona.

Niambie ukweli. Hiyo pini uliiona kwa macho? Kama hukuiona, nenda leo hii useme namba tisa isimamishwe. Inabeba watu kwenda Kisumu na Lodwar kila siku. Nakungoja hadi Alhamisi asubuhi. Usiposema wewe nitasema mimi, na nikisema tumekwisha sote wawili. Nimeogopa sana. Tafadhali.

Nelima


Congo, Kawangware
Jumatano, 26 Februari 2025

Nelima,

Barua yako imenichoma moyo. Sikujua Wanzala ana mtu ndani. Kwa aibu waliyokutia mbele ya watu, na kwa kile kikombe cha uji, nakuomba radhi kama mzazi.

Ni kweli, niligonga muhuri wako. Mara tatu. Tarehe 12, tarehe 15 na tarehe 18. Orodha inafungwa Ijumaa hii na wewe ulikuwa umekataa kusikia. Nikajiambia, huyu mtoto ni mkaidi, nimfungulie mlango kwa nyuma, atakuja kunishukuru. Jina lako limo sasa, ni la kumi na nne. Wale unaopika nao uji hakuna hata mmoja aliyemo.

Najua nimevunja sheria niliyokufundisha. Lakini tazama walivyokutenda hao Wakongwe wako. Ungekuwa umebaki na nini leo, kama si hiyo orodha?

Njoo Jumatatu asubuhi. Uvae ovaroli yako, usiseme na mtu langoni, uniulize mimi. Tutarudi kufanya kazi kama zamani, na haya yote yatapita.

Syokau anakusalimu.

Kavoi


Soweto East, Kibera
Alhamisi, 27 Februari 2025

Kwa Mkurugenzi wa Usalama,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga

KUH: NDEGE NAMBA TISA ISIRUKE

Mimi ni Nelima Wekulo, fundi wa ndege mwenye leseni, muhuri namba 417. Ninaileta barua hii kwa mkono na nitakaa mapokezi mpaka isomwe.

Tarehe 18 Februari kazi ya kufunga fimbo ya kibawa cha mkia wa ndege hiyo iligongwa muhuri wangu. Sikuifanya wala kuiona. Nilikuwa kwenye mgomo. Muhuri nilikuwa nimempa mwenzangu auhifadhi, kinyume cha sheria, na kosa hilo ni langu. Muhuri wa pili ni wa mwenzangu huyo huyo. Kwa hiyo kazi hiyo haikukaguliwa na watu wawili, na nina sababu ya kuamini haikukaguliwa na macho ya mtu yeyote.

Nilimwandikia nikamwuliza kama aliiona pini ya nati. Jana jioni nimepokea jibu lake. Ni ukurasa mzima, na swali hilo hakuligusa hata kwa neno moja. Ameniambia nije kazini Jumatatu. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja na sijui nieleze vipi jinsi nilivyoshtuka.

Ameniambia pia kwamba alitumia muhuri wangu tarehe 12 na 15. Kazi hizo nazo zitafutwe na kukaguliwa. Lakini naomba namba tisa isimamishwe kwanza, popote ilipo, kisha mniulize mengine.

Nelima Wekulo


Congo, Kawangware
Jumatatu, 3 Machi 2025

Nelima,

Ni mimi Syokau, Mama Ndululu. Mwandiko huu unaujua. Ndio ule wa barua zote. Baba Ndululu alikuwa anasema, mimi naandika. Zako nazo nilikuwa namsomea. Ana ugonjwa wa macho wa uzee, katikati anaona ukungu, pembeni ndiko anaona kidogo. Alinikataza nisimwambie mtu.

Nakueleza vile ilikuwa kwa sababu najua hakuna mtu amekwambia. Alhamisi namba tisa ilitua Nairobi saa nane ikitoka Lodwar, ikazuiwa hapo hapo. Ilikuwa imeshusha watu arobaini na sita. Ijumaa walimwita Baba Ndululu. Walikuwa wengi, wa mamlaka, wa kampuni, mkandarasi, na wale wa chama chake. Wakampandisha ngazi mpaka kwa mkia, wakamwambia, mzee, tuonyeshe pini. Akapeleka mkono. Akapapasa. Akawaambia, "Iko."

Haikuwa. Alichogusa ilikuwa ncha ya bolti. Pini haikutiwa kabisa siku ile, vijana walisahau, na nati ilikuwa imejizungusha yenyewe imebaki kushikilia kidogo tu. Walimwambia akiwa bado juu ya ngazi. Askari wa lango ndiye alimleta nyumbani akimshika mkono. Alinieleza akiwa amesimama. Nilimwambia aketi, akakataa.

Sasa yangu. Barua yako ile ya Jumatatu sikumsomea yote. Nilisoma ya Wanzala, ya kopo, ya Aoko na kikombe. Nilipofika pale umeandika juu ya macho yake, nikaruka. Nikaruka na ya pini, na ya Alhamisi, mpaka mwisho. Nikasema, amemaliza, ameandika jina lake. Naye akanijibu yale alisikia. Hakujua umemwuliza kitu.

Nilidhani ni mambo ya vyama. Nilidhani Wanzala amekukalisha chini akakwambia andika hivi, ili mzee atolewe kazini na Chipukizi waaibike. Wiki hizi zote nimesikia hapa sokoni kila mtu akimsemea mwenzake uongo juu ya huo mgomo. Nikaona hata wewe umeanza. Mimi nauza ndengu, Nelima. Sikujua pini ni nini. Niliona neno macho, nikaona mume wangu akifukuzwa, na sikuona kitu kingine chochote kwenye hiyo karatasi.

Hao watu arobaini na sita nawaota. Na wale wa siku za nyuma pia. Usiku wa Ijumaa nilimsomea barua yako kutoka juu mpaka chini, bila kuruka. Hajaongea na mimi tangu hapo. Sikulaumu ukinichukia.

Syokau


Congo, Kawangware
Jumamosi, 8 Machi 2025

Nelima,

Hii nimeandika mwenyewe, kwa ile kalamu nene ya kuwekea mabati alama. Mistari ikipandana, nisamehe.

Nimewaambia wanaochunguza kila kitu. Muhuri ulikuwa kwangu, mkono ulikuwa wangu, wewe hukujua mpaka uliposhikwa. Waliandika. Lakini wameniambia leseni yako imeshachukuliwa, kwa sababu hakuna aliyekulazimisha kunipa. Yangu niliitoa mfukoni nikaiweka mezani kabla hawajaiomba.

Jumatano alikuja Valentine, karani wa chama chetu, na karatasi ya kutiwa sahihi. Nikamwambia anisomee. Ni tangazo moja la vyama viwili, Wakongwe na Chipukizi pamoja, la kwanza tangu vigawanyike. Linasema kosa lote ni la mwanamke mmoja aliyetoa muhuri wake nje, na kwamba vyama vyote havimtambui. Jina la Wanzala liko chini, na la mwenyekiti wetu liko kando yake. Mkandarasi amewashukuru wote wawili. Hakuna mahali wamesema ni wewe uliyeisimamisha ndege. Nilimwambia asome tena, nikidhani ameruka, maana siku hizi naogopa wanaoruka. Hakuwa ameruka. Nilimrudishia karatasi yake bila sahihi. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka juu ya ngazi.

Na Syokau nimeanza kuongea naye. Nilimfundisha mwenyewe kuficha, kwa hivyo sina wa kumkasirikia.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Umeandika kwamba ulinikagulia kazi miaka miwili mimi nisijue. Nilijua, Nelima. Ulipomaliza kufunga, nilikuwa naisikia spana yako ikirudi pale pale mara ya pili, na tochi yako ikizimwa, ndipo unaniita. Ndiyo maana nilikuwa nagonga bila hofu. Nikisimama pale, mbele yangu ukungu mtupu, nilikuwa nasema moyoni: Nelima ameona.

Ile tarehe kumi na nane vijana waliniita. Msimamizi alikuwa anahesabu dakika, na muhuri mwingine wa leseni haukuwepo mle ndani. Sikugonga wako kwa ajili ya orodha peke yake, hilo nilikuficha. Nikapapasa, nikagonga wako, nikafuatisha wangu, na moyo ukatulia kama siku zote. Nilikuwa nimezoea. Muhuri wako ukishakaa kwenye kadi, mimi huwa sina wasiwasi tena. Nilisema yale yale niliyosema miaka miwili, Nelima ameona, nikaenda nyumbani, nikala, nikalala. Nililala vizuri siku tisa mfululizo, na wewe ulikuwa nje ya lango.

Kavoi